Mpira Kwanza

Mume wangu haamini kitu. Akifunga mlango anausukuma, akishaondoka anarudi kuusukuma tena. Maziwa niliyokwisha kuyanusa mimi lazima ayanuse na yeye. Nilipomwambia nina mimba ya kwanza, jibu lake lilikuwa, "Umepima?" Hospitalini, anakofanya kazi ya udaktari wa usingizi, wanafunzi wanamwita Bwana Nionyeshe. Wakidhani hajui, wanajidanganya.

Basi nilipougua, vijidudu vikaingia kwenye damu na presha ikashuka hadi nikawa naona watu wawiliwawili, sikuwa na shaka kwamba sindano ya shingoni atanichoma yeye. Dawa ya kupandisha presha ni kali, mishipa midogo ya mkononi haiiwezi. Ilitakiwa ipite kwenye mrija mrefu ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na kazi hiyo ameifanya miaka nenda miaka rudi.

Akaingia mwanafunzi wake, binti wa miwani, glavu mkononi. Mume wangu akasimama ukutani, mikono nyuma.

"Mbona huyu?" nikauliza.

"Anajua kazi."

Anajua kazi! Mtu asiyeniamini mimi na maziwa, leo anamwamini huyu na shingo yangu? Nikamkata jicho. Akaangalia pembeni. Hapo nikaanza kuwaza mabaya: labda ameona sina siku nyingi, hataki nifie mikononi mwake. Au kuna jambo kati yake na huyu binti. Homa ilikuwa juu, lakini wivu nao ulikuwepo, siwezi kuuficha.

Wakainamisha kitanda upande wa kichwa, wakanigeuza uso na kunifunika kitambaa. Sindano ya ganzi ikaniunguza, kisha nikabaki kusikia tu.

"Damu imekuja, mwalimu. Nyeusi. Ni vena."

"Nyeusi kwa nini?"

Mume wangu hakumngoja ajibu.

"Mgonjwa anahema vibaya. Damu yake yote itakuwa nyeusi. Rangi usiiamini. Mpira kwanza."

Baadaye binti alinieleza. Unaunganisha mpira mwembamba kwenye sindano na kuuinua juu. Kama umeingia vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, damu inashuka. Kama umeingia ateri, inayosukumwa na moyo, inapanda. Tundu la sindano kwenye ateri unalibana, linaziba. Ukishapitisha mrija mnene humo, unaweza kumpoteza mtu.

"Inapanda," alisema binti. "Polepole, lakini inapanda."

"Toa. Bana. Na usiinue kidole kuchungulia."

Akabana. Vidole vyake vilikaa shingoni mwangu, na sauti ya mume wangu bado ilitoka kule ukutani.

Mara ya pili damu ikashuka. "Nionyeshe," akasema mume wangu, nikamsikia akisogea kuiangalia mwenyewe. Ukaingia waya wa kuuongoza mrija, mrija ukapita juu yake, na waya ulipotolewa akataka auone wote kwenye trei, usije ukabaki mwilini.

Nilirudi nyumbani nimepona, ila na kinyongo changu moyoni. Jioni nikamwuliza, "Wewe humwamini mtu. Mbona shingo yangu ulimpa mwanafunzi?"

Alikuwa mlangoni, anausukuma.

"Wewe ndiye uliyelala pale," alisema. "Ningeona damu nyeusi nikasema ni vena, kwa sababu nilitaka iwe vena. Hata mpira nisingeukumbuka." Akausukuma tena. "Mle chumbani nilimshuku mtu mmoja kuliko wote, na huyo sikumpa sindano."