Sehemu ya Pili Aliyoisubiri Bibi

Enzi zetu, wenzangu wa Ruangwa na Nachingwea mtanikubalia, filamu haikuwa kitu cha kubonyeza ukiwa umelala chali kitandani. Kanda ilipanda basi Nachingwea, ikafika kwetu Likunja imejaa vumbi, ikaonyeshwa Jumapili mchana kwenye kibanda umiza chenye magunia madirishani. Kiingilio kilikuwa kikombe cha korosho za kuokota. Jenereta linanguruma nje, mkalimani anapaza sauti ndani, watoto tumebanana jasho linatutoka, na sisi raha mustarehe.

Ikaja moja ya shujaa anayefunika uso. Giza tupu, mvua haikatiki, na yeye peke yake anapambana na majambazi wa mji wao. Sehemu ya kwanza aliondoka nyumbani bila kumuaga mama yake, na ikaishia hapo. Sisi wala hatukuwa na presha. Sheria tuliijua: steringi hauawi.

Mwenye presha alikuwa bibi yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kibandani. Lugha yake ilikuwa Kimwera, Kiswahili chake cha kuombea maji, kwa hiyo nilimsimulia kwa kuchanganyachanganya huku akibangua korosho, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda yake. Mapigano hayakumgusa kabisa. Aliuliza jambo moja tu: mama yake anajua aliko? Hakuna aliyecheka. Mjomba Shaibu, kitinda mimba wake, alikuwa ameondoka kwenda machimboni Tunduru bila kuaga, na misimu ya korosho ilikuwa inapita bila hata salamu.

Sehemu ya pili ilipofika, bibi mwenyewe ndiye aliyenijazia kikombe.

Jamani, ile ndiyo iliyokuwa sehemu ya pili! Ile ya kwanza jamaa alikuwa anashinda tu. Safari hii anapigwa, anasalitiwa na rafiki yake, anaogopa, mpaka mkalimani naye akashusha sauti. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba shujaa asiyeweza kupoteza kitu hana haja ya kuombewa dua na mtu. Mimi nilimwombea, tena kwa sauti. Mwishoni akafika mlangoni kwa mama yake, akavua kile kitambaa, mlango ukafunguliwa, kanda ikaisha. Kibanda kizima tukashusha pumzi.

Nikakimbia nyumbani kumpelekea bibi habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hakupewa maji ya kunawa?"

Nikamwambia imeishia pale mlangoni.

"Basi hajafika huyo," akasema, akaendelea kubangua.

Mjomba Shaibu alirudi wakati tunavuna ufuta, mchana kweupe. Alikuwa amekonda, uso umejaa vumbi jekundu hata mbwa wetu akambwekea. Tulidhani bibi atalia, au atamporomoshea maneno. Hakumuuliza hata alikopitia. Alimwekea beseni la maji.

"Nawa uso kwanza, nikuone."

Mjomba akanawa. Bibi akamtazama, akamtazama tena, kisha akakaa palepale mkekani. "Haya," akasema. "Amefika." Ule wepesi ulioingia nyumbani kwetu siku ile sijaupata tena mahali pengine, na nikiukumbuka hadi leo kifua kinapumua.

Siku hizi wanangu wana filamu hizo simuni, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya tisa. Wanarusha mbele wakichoka, na mwisho wanaujua kabla ya mwanzo. Wananiambia, mama, hii kali. Nami natazama, sibishi, picha zao safi kuliko zetu. Bibi tulishamzika zamani. Mjomba Shaibu, ambaye sasa ni mzee mwenye mikorosho yake Matambarale, nilishamsimulia kisa cha bibi na ile kanda, na akija kututembelea hukaa nasi kutazama. Shujaa anashinda, watoto wanashangilia, majina yanaanza kupanda kwenye kioo. Mjomba anasubiri kidogo, kama vile kuna kitu bado hakijaletwa, kisha ananigeukia.

"Hajafika huyo," anasema.