Kadi Haijafa, Baba Neema!

Baba Neema, mume wangu, hii nakutag usome mbele za watu.

Laptop yangu kuukuu ya Linux ilikuwa haishiki waifai tangu Jumatatu. Mume wangu akaikagua dakika mbili, akatoa hukumu: "Kadi ya waifai imekufa. Kesho naitupa."

Na huyu ndiye fundi wa Bredäng nzima, mtaa wetu huku Uswidi, jamani. Kila kitu anatengeneza kwa tepu nyeusi.

Leo alipoenda kazini nikakaa na chai yangu, nikaanza kuihoji laptop mwenyewe, nikiiandikia amri moja baada ya nyingine.

Kadi ikaonekana kwenye skrini. Nzima kabisa! Ila pembeni imeandikwa: imezimwa kwa swichi.

Swichi gani tena?

Nikapapasa ubavuni, pale alipoziba ufa Jumapili kwa ile tepu yake. Nikaibandua.

Kiswichi hiki hapa! Alikisukuma kikazima, akakifunika.

Nikakiwasha. Waifai ikashika! Nilipiga kigelegele mpaka jirani Mswidi, ambaye hata salamu hatoi, akafungua mlango kuchungulia.

Baba Neema karudi, nimemwonyesha. Akachukua simu, akaingia chumbani.

Sasa hivi namsikia chumbani anamwambia kaka yangu kwenye simu: "Ile laptop? Nimeshaitengeneza."

Nyie, nimpe ugali, au nimbandike tepu mdomoni?