Futi ya Mwanasha Ilijua Kabla ya Daktari

Saa moja na nusu asubuhi, Dagoretti Corner. Kabla ya kukanyaga cherehani, Mwanasha Sharif anainama, anazungusha futi kwenye kifundo cha mguu wa kushoto na kuandika sentimita ukutani kwa chaki: 23.

"Leo mguu ni wangu," anasema fundi huyu wa sare za shule, mwenye miaka hamsini na mmoja. "Februari ulikuwa wa tembo."

Chini ya mtulinga wake kuna uvimbe wa ukubwa wa kiberiti. Ni kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Wateja humwita Mama Betri.

"Mathe, umechaji?" anatania Joash, mwendesha bodaboda aliyefuata sketi ya bintiye.

"Nimejaa tele! Wewe ndiye umezima. Sketi ya wiki jana waijia leo?"

Miaka miwili iliyopita moyo wake ulishindwa kusukuma damu. Umeme unaoamsha seli za moyo ulichelewa kufika upande wa kushoto. Ukuta mmoja wa moyo ukijikaza, mwingine bado umelala. Akapandikizwa kifaa chenye nyaya za kuamsha pande zote mbili pamoja.

"Ni kama cherehani," anaeleza. "Sindano ikishuka kitambaa kingali kikivutwa, yavunjika. Betri ilizipatanisha kuta hizo mbili."

Akarudi kushona sare nne kwa siku. Kisha, Novemba, pumzi zikaanza kumkatika. Sare nne zikawa moja. Akawa analala ameketi. Kifundo kikasoma 24, 26, 29. Alinakili namba hizo kwenye kipande cha kitambaa, akaenda nacho hadi kliniki ya moyo ya hospitali moja katikati ya jiji, akamwekea daktari mezani.

"Alicheka! Akaniambia, 'Mama, hayo ni mawazo tu, na umri nao umeenda. Punguza chumvi.' Chumvi niliacha mwaka juzi! Hata kunigusa hakunigusa."

Alirudishwa nyumbani mara tatu. Mara zote tatu, mashine ya kusoma vifaa kama chake ilikuwa kabatini, nzima, hatua chache kutoka kiti alichokalia.

Machi, kitambaa kile kilimfikia Debra Nzioka, mtaalamu wa mitambo ya moyo katika kliniki hiyo hiyo.

"Niliona namba zinapanda kila wiki," anasema Debra. "Nikauliza, nani amesoma hii betri?"

Alifungua kabati mwenyewe. Waya wa kushoto ulikuwa ukituma umeme hafifu ambao moyo haukuusikia. Akauongezea nguvu. Kazi nzima: dakika kumi.

"Seli zikiamshwa pamoja kwa miezi, umeme wake hujirekebisha, kila moja inakuwa tayari mapema kwa pigo linalofuata," anaeleza. "Ukiziacha, zinaharibika tena. Miezi minne ni mingi sana."

Miezi minne, kwa sababu hakuna aliyetaka kunyanyuka! Hakuna aliyeomba msamaha. Badala yake wamemwandikia ukaguzi mwingine baada ya miezi kumi na minne.

Mwanasha ameikataa tarehe hiyo. Foleni ya kliniki ilimkutanisha na wagonjwa watano wenye betri ambazo hazijasomwa tangu zipandikizwe. Jumatatu atafunga kibanda waende pamoja.

"Nataka moyo wangu usomwe kila baada ya miezi mitatu, na wao pia," anasema. "Nitabeba mashati ya kutia vifungo, nikae pale mlangoni. Atakayetaka kupita, aniruke. Wakiuliza nani kanipa miadi, nitawaambia nimejipa mwenyewe."