Nyoka Aliyetaka Mandazi

Hebu fikiria jiko la udongo karibu na Karurumo, asubuhi yenye ukungu. Moshi unapenya kwenye mabati, sufuria ya chai inachemka, na msichana mnene kidogo amesimama mlangoni akiuliza kama kuna mandazi mengine. Ameshakula manne.

Nilipokuwa mtoto, msichana huyo nilikuwa mimi. Siku hizo kahawa ilikuwa inalipa, na chai ya sukari, mkate mweupe na mandazi vilikuwa vimeingia nyumbani kwa kishindo. Nilivipokea kwa mikono miwili. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kuona njaa. Kabla ya mapumziko ya saa nne shuleni tumbo lilikuwa linanguruma hadi dawati la nyuma wanasikia. Binamu yangu Njeru akiniona tu nikitokea, alipiga kelele: "Ficheni sufuria, Igoki amefika!"

Kisha shangazi yangu akapata mchumba. Shangazi naye aliitwa Igoki. Mimi nilipewa jina lake. Kwetu, wakwe walipokuja, yule aliyebeba jina la bibi harusi ndiye aliyewapelekea kibuyu cha kwanza cha uji. Lakini palikuwa na mwiko: mbebaji akionja kabla ya wageni, njaa itamfuata bibi harusi hadi kwenye nyumba yake mpya.

"Si huyu," mama alisema. "Huyu atakifikisha kikiwa kitupu. Wacha dada yake Wanja abebe, hata kama hana jina hilo."

Nililia siku hiyo kuliko nilivyowahi kulilia chakula. Ndipo cucu, nyanya yangu mzaa baba, aliponiita jikoni kwake. Alinilaza kwenye mkeka, akaweka sikio lake tumboni mwangu.

"Namsikia," akasema.

"Nani, cucu?"

"Nyoka wako. Kila mtu amezaliwa na wake, hata pasta. Wa wengine wamelala. Wako anaamshwa kila asubuhi kwa sukari."

"Sasa anasema nini?"

"Anasema amechoka kuamshwa."

Tangu siku hiyo nilikula kwa cucu. Asubuhi hapakuwa na chai ya sukari, bali uji wa wimbi na nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa chini ya majani ya mgomba. Shuleni nilibeba kiazi kitamu. Jioni tulikula githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe mengi, pamoja na mboga ya terere, na kabla ya kuongeza sahani nilipaswa kunywa maji na kungoja cucu amalize hadithi. Hadithi zake hazikuwa fupi.

"Tafuna polepole," aliniambia. "Nyoka hana magego. Wewe ndiye unayemtafunia."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Nikipita karibu na hoteli ya pale sokoni, harufu ya mafuta ilinishika pua ikanivuta kama mbuzi wa kamba.

"Cucu, ameamka!" nilikuwa nikirudi nikilia. "Anataka mandazi!"

"Mwambie mandazi hayakai naye. Yanamsalimu tu na kwenda zake. Haya, mpe nduma."

Nikampa nduma. Akanyamaza. Polepole, bila mimi kujua ni lini hasa, nikaanza kufika mapumziko bila tumbo kunguruma. Siku moja Njeru alitangaza darasani kwamba nyoka wa Igoki amekufa.

"Hajafa," nilimjibu kwa fahari. "Amelala, na wewe unapiga kelele."

Mama bado hakuamini, lakini cucu alisema neno moja tu, "Atabeba," na kwetu neno la cucu halikujadiliwa.

Wakwe walikuja Jumamosi yenye jua. Nilipewa kibuyu, nikakikumbatia kifuani. Uji ulikuwa umechacha vizuri, na harufu yake ilinipanda usoni. Ili kufika walipoketi wageni, ilinibidi nipite karibu kabisa na karai ambamo akina mama walikuwa wakikaanga mandazi. Mama alisimama pale akiwa ameshika mwiko wa kupikia, akinitazama. Nilisikiliza tumbo langu. Kimya. Nikapita.

Baba wa bwana harusi, mzee mwenye kofia ya manyoya, alipokea kibuyu, akanitazama juu hadi chini.

"Huyu hajaonja?"

"Hajaonja!" Njeru alidakia kutoka nyuma ya migomba. "Sisi wenyewe tunashangaa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akanywa, wenzake wakanywa, kisha akanijazia kata hadi ukingoni, kwani mbebaji mwaminifu hupewa haki yake. Nilikunywa mikupuo michache, nikamrudishia kata kwa mikono miwili.

"Asante, guka," nilimwambia, kama tunavyowaita akina babu. "Nimeshiba."

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Ati ameshiba!" cucu akamjibu, naye ndiye aliyeanza vigelegele, shangazi akavidaka kutoka ndani ya nyumba alikofichwa, na vigelegele hivyo, naapa, vilisikika ng'ambo ya mto.

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi tangu wakati huo. Nimeona vichwa vikilala juu ya madawati katikati ya asubuhi, vya watoto waliokunywa chai tamu na kipande cha mkate. Najua sasa kwamba tumboni mwangu hapakuwa na nyoka. Palikuwa na chakula kisichokaa, na baadaye pakawa na chakula kinachokaa. Hata hivyo namshukuru nyoka yule. Kwa sababu yake, cucu hakuhitaji kunichapa wala kuniita mlafi. Alimwacha mtoto alivyo, akabadilisha sahani.

Basi naomba ukumbuke jambo moja tu. Mtoto akirudi jikoni kabla vyombo havijakauka, usimfokee. Muulize kwa upole asubuhi alikula nini.