Diploma Yangu Mbele ya Profesa

Nilirudi kutoka Doha na diploma niliyojilipia mwenyewe, kwa hivyo mambo ya masomo hunidanganyi. Juzi Ayuma, binti ya dada yangu, aliitwa kuhojiwa hapa Kakamega kwa mpango wa chuo kikuu unaochukua wanafunzi wachache wadadisi. Ukikosa, hakuna mara ya pili. Kila mmoja aliambiwa alete kitu kinachomsumbua akili.

Asubuhi nikakuta bonge la kichuguu mkobani mwake. Tope, mbele ya maprofesa! Nikalitupa migombani, nikamwekea diploma yangu pamoja na fremu yake.

Ukumbini, jamaa tuliketi nyuma. Ayuma alifungua mkoba, akatoa fremu, akanitazama. Nikampungia mkono kwa fahari.

“Hii ni ya nani?” profesa akauliza.

“Ya mjomba, yule pale. Mimi nilileta kichuguu. Nataka kujua kumbikumbi hujuaje mvua imefika.”

“Na hii diploma haina swali?”

“Iko nalo, Profesa. Mtu akishaipata, anaachanga kuuliza kabla ya kutupa vitu vya wenyewe?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Profesa alipangusa machozi, akanigeukia.

“Mjomba, simama umjibu mtoto.”