Nilipoitafuta Huzuni ya Mariamu kwenye Eksirei

Nichekeni tu, nastahili. Mwaka 1992 nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Biryogo. Tangu tumzike mtoto wetu, mke wangu Mariamu alikuwa haongei. Mteja mmoja akaniambia Ulaya kuna mashine ya kupiga picha ya ubongo, inayosaidia kutambua ugonjwa wa huzuni. Nikampeleka hospitali, nikadanganya kwamba ameanguka, akapigwa eksirei ya kichwa. Nilipoinua picha dirishani nikaona doa jeupe. Nikapaza sauti mbele ya wagonjwa wote, "Huzuni yake iko hapa!"

"Baba, hiyo ni pini ya nywele," akasema daktari. "Hapa iko mifupa tu. Wewe umemuuliza ana nini?"



"Bado," Mariamu akanijibia taratibu, akiushika mkono wangu ulioshika picha.