Ubapa wa Akiba Chini ya Kitanda

Mlango wa nyuma niliuziba mwenyewe kwa tofali, baada ya wezi kupita na masufuria yangu. Madirisha nikayatia nondo. Watu wa Mkolani walinicheka, eti bibi anajijengea gereza. Nikawajibu, gereza ni la mwizi. Basi asubuhi moja upepo wa ziwani ukaangusha mjohoro wa mbele ya nyumba, na gereza likawa langu.

Shina lilikatiza mlango na kuegemea ukuta. Mlango wangu ni wa chuma, unafunguka nje. Niliusukuma mpaka bega likauma, haukusogea hata upana wa kidole. Kila upepo ulipovuma, mti ulitikisika, ufa wa juu ya mlango ukapanuka, na udongo ukanidondokea kichwani. Ukuta ule naujua. Nilikuwepo ulipojengwa, saruji wakinyunyiza kama chumvi. Na choo changu kiko nje, uani.

Jirani alitokea na msumeno wake mpya wa mnyororo, unang'aa, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Roho ikatulia. Mjukuu wangu naye anao. Ni binti, na kazi yake ni kukata miti. Hata Nansio wanamwita avuke ziwa akawakatie. Nalitaja hilo makusudi, mlijue. Ila mashine yake ilinitia aibu: rangi imebanduka, mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Nilikuwa namwambia, "Mke mwenzangu, nunua mpya kama watu." Naye hunijibu, "Bibi, hii inawaka kamba ya tatu, mvua au jua. Rangi haikati mti."

Mpya ya jirani iliwaka vizuri. Ikakata matawi mawili, ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba. Akavuta tena. Nilihesabu mpaka ishirini nikaacha.

"Imepata joto tu, bibi," alisema dirishani. "Tuiache ipoe."

"Nitapoa mimi kabla yake. Mpigie mjukuu wangu."

Mjukuu alifika kwa pikipiki, mashine mapajani.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, bibi! Toka hapo mlangoni!"

"Marahaba. Nitoke niende wapi?"

Alivuta kamba mara tatu, ikanguruma. Kisha akaizima ili auzunguke kwanza mti, aone umelalia wapi. Mimi sikumpa nafasi. Udongo ulikuwa unamwagika, nikapiga kelele, "Kata! Unasubiri mahari?"

Akakata kutoka juu. Kumbe shina lilikuwa limelala kama daraja, mizizi huku, jiwe kubwa kule, katikati hewa tupu. Msumeno ulipofika nusu, mti ukajifunga ukauma chuma. Kimya.

"Mashine imekufa?" niliuliza.

"Mashine nzima. Ubapa ndio umebanwa."

Ubapa ni ule upanga wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Nilimwona akifungua nati mbili, akaichomoa injini na kuuacha ubapa ndani ya mti kama kisu kwenye boga. Akasema kazi sasa ni kufunga ubapa mwingine na kukata upya kutoka chini. Wa jirani haukuingia kwenye mashine yake.

"Bibi, ule wa akiba niliokupa unitunzie uliuweka wapi?"

Niligeuka nikakitazama kitanda. Ulikuwa chini yake. Mimi ndiye niliyeuficha humo na mnyororo wake, kwa kuwaogopa hao hao wezi.

Nilipiga magoti nikauvuta. Zile nondo niliziagiza zisipitishe kichwa cha mtu, lakini ubapa ni mwembamba, ukapita. Mnyororo niliufunga kwenye kanga meno yasinikate, nao ukapita. Mkono wangu ukafika nje mpaka kiwiko. Mjukuu akaushika kidogo.

"Sasa, bibi, nenda kona ya mbali. Na unyamaze."

Sijawahi kunyamazishwa na mtoto niliyemwogesha. Siku hiyo nilinyamaza. Nilisimama konani na godoro kifuani, nikahesabu: kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Iliwaka. Alikata kutoka chini taratibu, akasimama, akatazama, akakata tena. Akahamia upande wa pili. Nilitamani kusema neno, nikauma godoro. Kipande cha shina kikaanguka, nyumba ikaruka, na tofali tatu za juu ya mlango zikashuka ndani, pale pale nilipokuwa nimesimama nikimpigia kelele.

Mlango ulifunguka nusu. Nilitoka kwa ubavu, nywele zimejaa udongo. Mjukuu aliweka mashine chini, akanitazama.

"Vipi, mke mwenzangu, ninunue yenye rangi?"

 Nilimpita nikikimbilia uani, maana nilikuwa nimebanwa kuliko ule ubapa wake.

Niliporudi nilimpa nyundo, nikamwonyesha tofali za mlango wa nyuma.